Mwaka wa Mwisho wa Kambi Punda

Marigu tulimzika Jumamosi, kwao, ng'ambo ya Siakago, kando ya shamba la ndengu lililokauka kabla ya kutoa maua. Alikuwa binti wa mjomba wangu, mkubwa wangu kwa miaka michache, na kuna mwaka mmoja wa ujana wetu ambao tulilala kitanda kimoja katika mtaa wa zamani wa mji wa Embu ulioitwa Kambi Punda. Wasifu wake ulisomwa chini ya hema, na mwaka ule haukuwamo. Walisoma kuzaliwa kwake, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu, kikundi cha akina mama kanisani, ugonjwa wa sukari, mguu uliokatwa. Sikuwalaumu watoto wake. Kila mtoto huamini kwamba maisha ya mamake yalianza siku alipozaliwa yeye. Lakini nilikaa kwenye kiti cha plastiki, jua la Mbeere likinichoma magoti, nikaona kwamba nimebaki na mwaka mzima mikononi na sina wa kushika upande wa pili.

Baada ya chakula, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya kufuma alinijia polepole, akinitazama kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. "Wewe si Wawira?" akauliza. "Wawira wa taipu?" Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu nikiwa msichana. Alikuwa Idi, mtoto wa pekee wa Mama Idi, mwenye nyumba wetu wa Kambi Punda. Alikuwa ametoka Meru alfajiri baada ya kusikia tangazo la kifo redioni. Tuliburuta viti viwili hadi kwenye kivuli cha tangi la maji tukaanza kuulizana habari, na haukupita muda tukawa tumekosana kuhusu bomba. Yeye alisema bomba la maji la ploti lilikuwa mlangoni kwa mamake. Mimi nilisema lilikuwa chini, karibu na choo, na tulikuwa tukipanda na ndoo. "Hapana, dada," akasema, "mimi nimezaliwa pale." Kisha akacheka, akafuta macho, akasema, "Na kile kitanda cha mama! Tulimwachia Mzee Njagi. Unakumbuka alivyofurahi?"

Kitanda kile hakikuachwa kwa mtu yeyote, na Idi ndiye aliyeshika msumeno. Sikuona uongo machoni pake. Miaka ilikuwa imemhurumia, ikampa kitu kingine cha kukumbuka. Marigu angekuwapo angemrekebisha pale pale, kwa sauti, mbele ya watu, halafu angempakulia chakula zaidi. Nilitazama kule kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado na unyevunyevu, nikajua kwamba jambo wanalolikumbuka watu wawili ni ushahidi, lakini likibaki kwa mmoja ni uvumi tu. Ninayaandika haya kabla hata mimi sijahurumiwa.

Yaliyonitoa nyumbani sitayaeleza. Nilifika Embu mwezi wa kwanza, nimemaliza shule, nimeandikishwa katika chuo kidogo cha kufundisha taipu juu ya duka la vipuri, na Marigu akanipokea katika chumba chake. Wakati huo alikuwa akiuza chai, mandazi na ndengu kwa wapakuaji wa mizigo wa sokoni. Kambi Punda ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya soko. Kabla ya malori, mizigo ya wafanyabiashara iliyopanda kuelekea Meru ilibebwa na punda, na punda walipumzishwa hapo. Waliowaswaga wakajenga vibanda, wakafuatwa na wapishi, mafundi, askari waliostaafu, wanawake waliowakimbia waume zao, na watu ambao huko walikotoka hawakuwa na shamba la kurudia. Kulikuwa na Waislamu wa damu zilizochanganyika hata wenyewe wakaacha kuhesabu, kulikuwa na Wakamba, Wambeere, Waembu na Wameru. Watoto waliozaliwa hapo walijua Kiswahili tu. Watu wa mlimani walipowasikia waliwacheka kidogo na kuwahurumia kidogo, kwa sababu kwetu mtu asiye na lugha ya kwao huonekana kama mtu asiye na kwao.

Ploti yetu ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo iliyopigwa chokaa, yenye vyumba vilivyopangana kama mabehewa, vyote chini ya paa moja la mabati. Kuta za kutenga vyumba hazikufika juu. Palikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa ambayo ungeweza kupitisha mkono, na kwa nafasi hiyo tulipata kila kitu cha jirani: moshi wake, harufu ya kitunguu chake, maombi yake, ugomvi wake. Asubuhi Marigu alipokuwa akikanda unga, nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikifanya mazoezi ya vidole juu ya meza, herufi moja baada ya nyingine, na kutoka chumba cha tatu mtu angepiga kelele, "Wawira, leo umekosea!" ingawa hakuna herufi hata moja iliyosikika. Nilitoka katika boma ambamo mtu angeweza kulia siku nzima asisikike. Pale hata kupumua kwako kulikuwa na wasikilizaji, na jambo lililonishangaza ni kwamba nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala.

Chumba cha mwisho, kikubwa, kilikuwa cha Mama Idi mwenyewe. Alikuwa mjane mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na ulimi wake ulikuwa mkali. Alikutukana kwa kuacha sufuria chafu na jioni akakutumia bakuli la wali. Marehemu mumewe, Mzee Rajabu, alikuwa ameswaga punda, halafu akapika katika kambi za wajenzi wa barabara, halafu akajenga nyumba ile kwa mikono yake. Alikuwa amezikwa hapo nyuma, katika makaburi madogo ya mtaa yaliyozungushiwa ua wa minyaa, na kila Ijumaa Mama Idi alikwenda kung'oa magugu akimsimulia habari za wapangaji. Chumbani mwake mlikuwa na samadari, kitanda kikubwa cha mbao chenye nguzo nne, kilichochukua karibu nafasi yote. Fundi alikiunda mle mle ndani, mbao kwa mbao, kabla mlango haujatiwa fremu. Mama Idi alipenda kutuambia kwamba kile kitanda hakijawahi kuona jua. Jioni za mvua sisi wasichana tulipanda juu yake, tukakaa miguu tumeikunja, tukala viazi vya kukaanga kwa ukwaju, naye akituonyesha kwa kidole dari isiyokuwepo na kutusimulia nani alilala chumba gani, nani alifia chumba gani, nani alizaliwa saa ngapi na kwa shida gani. Historia ya Kambi Punda haikuwa na mahali pengine pa kukaa isipokuwa kinywa chake.

Nyumba ilikuwa yake. Ardhi haikuwa yake. Mzee Rajabu alipewa kwa mdomo ruhusa ya kujenga, na mtu ambaye sasa alikuwa amekwisha kufa, katika siku ambazo watu waliamini mdomo. Kwa hiyo mwezi wa tatu walipokuja vijana na kamba na vigingi wakapima mteremko mzima, hakuna aliyejua la kuwauliza. Baada yao alikuja mtu mwenye koti, mpole, aliyekunywa chai ya Marigu na kuisifu. Alisema kuna bwana mmoja wa mbali amenunua mteremko wote, atajenga soko la kisasa la ghorofa, na wakazi wanaombwa kuondoka kwa amani kabla ya mwisho wa mwaka. Aliposema "wanaombwa" alitabasamu. Mama Idi alimwuliza kama huyo bwana amenunua na makaburi. Yule mtu akasema makaburi yataheshimiwa.

Aliyesimama baadaye kutusemea alikuwa Mzee Njagi, fundi cherehani wa chumba kilichopakana na cha Mama Idi. Alikuwa Mwembu wa upande wa juu, kwenye mashamba ya chai, lakini shamba la babake liligawanywa hadi likamwishia yeye. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye neno zito, na mkewe, Mama Muthoni, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alishona barazani mchana kutwa, na kila aliyepita alimsalimu kama mzee wa mtaa ingawa hakuna aliyemchagua. Sikukuu ya Idi ilipofika, Mama Idi alipika pilau ya kutosha mtaa mzima. Tulikaa uani kwenye mikeka, Waislamu na Wakristo, sinia moja watu sita, mkono kwa mkono, na hapo Mzee Njagi akainuka, vidole vikiwa bado na mafuta.

"Mama Idi," akasema, "wewe ndio mwenye hii nyumba. Ukitoka, tutatoka. Ukikaa, tutakaa. Hakuna mtu atafunga mzigo kabla yako. Nasema uongo?"

"La!" tukajibu wote.

"Semeni tena."

Tukasema tena, mpaka kuku wa jirani wakaruka. Mama Idi alijifunika uso kwa ncha ya leso. Mimi nilikuwa nalia, Marigu alikuwa analia, na nilidhani kwamba nimeona kwa macho yangu kile kitu wahubiri wanachokiita nguvu ya watu wengi. Nimekuwa mtu mzima, nimeajiriwa, nimestaafu, nimekaa katika mikutano isiyo na idadi ambako watu waliinua mikono na kusema "sote". Kila mara nimeikumbuka ile mikeka ya uani. Watu hawadanganyi wanapoapa. Hilo ndilo baya lenyewe. Kama wangekuwa wanadanganya, mtu angeweza kujikinga.

Baridi ya mwezi wa saba ilikuja na ukungu wake, ule unaoshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Mtoto wa Njagi alianza kukohoa. Jioni moja, saa za kuwasha taa, nilikuwa napiga pasi sketi yangu ya chuo nikawasikia Njagi na mkewe wakizungumza kwa Kiembu, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini ya kutosha.

"Yule mtu amenirudia," Njagi alisema. "Anasema tukitoka mapema, nitapewa kibanda katika soko jipya. Cha mbele, kinachotazama barabara."

"Na ulivyoapa?"

"Niliapa na nyama mdomoni."

Mtoto akakohoa, kikohozi kirefu, halafu Mama Muthoni akasema, "Baba Muthoni, hii baridi itatuulia huyu. Tutoke. Mungu anaona sababu yetu."

Nilimweleza Marigu alipoingia na sufuria zake. Alikaa kitandani akavua viatu. Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Mama Idi, tukidhani tunambebea habari nzito. Alikuwa akichambua mchele. "Wanangu," akasema bila kuinua macho, "mimi na Njagi tuna ukuta mmoja. Nimesikia tangu wiki iliyopita." Mchana ule ule alimtuma Marigu apeleke bakuli la supu ya kuku kwa mtoto anayekohoa. Marigu alikataa. Alisema afadhali aimwage. Mama Idi akamtazama muda mrefu. "Mpelekee," akasema. "Akihama na mtoto mgonjwa ndiyo itakuwa nini? Ushindi wangu?"

Njagi alihama siku ya soko, wakati watu wengi hawapo. Cherehani ilikwenda juu ya mkokoteni. Hakumuaga Mama Idi. Mama Muthoni ndiye aliyeingia, akatoka akiwa amejifunika uso kwa kitambaa. Mkokoteni ulikuwa haujafika barabarani walipokuja vijana wa yule bwana na ngazi, wakapanda juu ya chumba alichotoka Njagi, wakang'oa mabati. Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Paa letu lilikuwa moja, na kwa sababu kuta hazikufika juu, kufunua chumba kimoja kulikuwa kutufunua sote. Ukungu uliingia ukatembea juu ya kuta kutoka chumba hadi chumba. Asubuhi nguo zetu zilikuwa na majimaji. Fundi wa redio, aliyeimba kwaya na Njagi, alihama wiki hiyo hiyo kwa sababu redio za watu ziliharibika. Mabati yake yakang'olewa. Kisha akahama mama aliyekuwa na mapacha. Hakuna aliyehama kwa uovu. Kila mmoja alikuwa na sababu ambayo wewe au mimi tungeiona nzuri, na kila sababu ilimwongezea aliyebaki sababu yake.

Yule mtu wa koti hakurudi tena kunywa chai; hakuwa na haja. Mwezi wa tisa bomba lilikauka. Tulidhani ni mgao, tukangoja, halafu tukaona limekatwa huko juu na kuzibwa kwa saruji. Tulianza kununua maji ya mitungi kutoka kwa wachuuzi, na wateja wa Marigu wakapungua kwa sababu chai bila maji ya kuoshea vikombe ni kinyaa. Mama Idi alipunguza kuoga, yeye aliyekuwa akitutukana kwa uchafu. Nilimwona akiosha uso kwa maji ya kikombe, kikombe kimoja kwa udhu wa swala nzima, na hakutukana mtu. Ukimya wake ulitutisha kuliko vigingi. Jioni hatukupanda tena kwenye samadari, kwa sababu alikuwa ameifunika kwa nailoni dhidi ya umande, akilala chini yake kama mzigo wa sokoni. Nilijaribu kumfanya asimulie. Nilimwuliza nani aliyekaa chumba chetu kabla yetu. Akasema, "Watu." Nikamwuliza watu gani. "Watu, mwanangu. Wamekwenda."

Mvua za mwezi wa kumi zilimaliza. Ukuta uliokuwa wa Njagi, ukiwa hauna paa, ulinyonya maji siku kadhaa kisha ukaanguka mchana, bila kishindo, kama mtu aliyechoka kusimama. Sasa chumba cha Mama Idi kilikuwa wazi upande mmoja, na mtu akipita njiani aliona kitanda. Alitundika mashuka. Siku mbili upepo uliyapeperusha, na ya tatu akamtuma kondakta wa basi ampelekee Idi ujumbe Meru. Idi alikuwa akifanya kazi ya kuendesha lori huko, na amekodi chumba upande wa Kaaga. Marigu alipomwuliza amemwitia nini, Mama Idi alisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akisema kabla: "Nimechoka. Niacheni nichoke."

Idi alikuja asubuhi na lori la tajiri wake aliloazima. Alikuwa kijana, mnene wa mabega, mwenye haraka ya mtu anayeogopa akisimama atalia. Alipakia sanduku la bati, vyombo, mikeka, mtungi. Kisha akaingia kupakia kitanda, akaupima mlango, akakizunguka, akakiinamisha yeye na turnboi, msaidizi wake wa lori, kila upande, wakatoka wakitokwa jasho. Fremu ya mlango ilikuwa nyembamba. Upande ule ulioanguka ulikuwa na kifusi cha matope na nguzo za ukuta zilizobaki zimesimama, na turnboi alisema wakizing'oa paa litawaangukia. Wala nguzo za kitanda hazikutoka. Fundi wa Mzee Rajabu alikuwa amezigongomea moja kwa moja, kama mtu asiyetarajia safari.

"Mama," Idi akasema, "tukiache."

"Kwa nani?" Mama Idi alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, leso mbili mabegani. "Nikiache wale wavulana wa ngazi wakilalie?"

"Basi nifanye nini?"

Alitazama mlango wake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo tupu, nikaona shingo yake, ngozi iliyolegea ikipanda na kushuka. "Kikate," akasema.

Idi alikwenda kuazima msumeno kwa seremala wa barabarani. Mbao zile zilikuwa ngumu, na msumeno ulilia kwa muda mrefu, ukikwama, ukianza tena. Marigu aliinjika maji ya chai ili mikono yake iwe na kazi. Kila mara msumeno uliponyamaza, Mama Idi aliuliza, "Umemaliza?" na kutoka ndani Idi akajibu, "Bado, mama." Alipotoka hatimaye, macho mekundu, unga wa mbao nyusini, alileta vipande vifupi vifupi akavirundika mbele yake kama mtu anayeleta kuni. Na Mama Idi, aliyeviangalia bila kugusa, akamwambia Marigu, "Usitie makaa. Tia hizo. Wapikie watu chai, wana safari."

Marigu alitia. Mbao zilichelewa kushika, kisha zikawaka taratibu kwa moto mzuri, zikinukia kama sanduku la nguo lililofunguliwa. Tulikunywa chai ile, Idi, turnboi, Marigu na mimi. Mama Idi alikunywa pia, kikombe kizima, akapuliza, akakata kiu, akarudisha kikombe. Halafu Idi akamnyanyua mikononi na kumweka kwenye kiti cha mbele cha lori, wakaenda. Wavulana wa ngazi walikuwa wakingoja chini ya mkaratusi. Marigu na mimi tuliondoka jioni hiyo kwa mguu, tukiwa na godoro na sufuria, tukapata chumba cha mawe upande mwingine wa mji, chumba chenye kuta zinazofika juu. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Hakukuwa na sauti ya mtu yeyote.

Chini ya wiki moja Kambi Punda yote ilikuwa sawa na ardhi. Soko la ghorofa halikujengwa mwaka huo, wala uliofuata, wala kwa miaka mingi baadaye. Walizungusha seng'enge, pamoja na makaburi, wakaweka mlinzi, na mibarika ikaota hadi kupita kichwa cha mtu. Mzee Njagi hakupata kibanda, maana hakukuwa na soko. Nilimwona mara moja, akishona chini ya mwavuli kando ya barabara, amekonda. Tulisalimiana. Aliniuliza habari ya Mama Idi, na nilipofungua mdomo akainamia cherehani na kuanza kuikanyaga kwa nguvu. Mtoto wake aliyekuwa akikohoa hakufika Krismasi. Hilo nililisikia kwa Mama Muthoni sokoni. Alilisema huku akichagua nyanya, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei.

Mwezi wa kumi na mbili Idi alituma neno kwamba mamake hali chakula. Marigu na mimi tulipanda basi hadi Meru. Chumba cha Kaaga kilikuwa cha mbao, safi, kimebandikwa magazeti ndani kuzuia upepo, na Mama Idi alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, amebaki kidogo sana, mashavu yameingia. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita wakicheka kwa Kimeru. Marigu alimwinua akamlisha uji wa mawele kijiko kwa kijiko, na alimeza viwili akageuza uso.

"Majirani ni wabaya?" nikamwuliza.

"Wazuri. Wananisalimu kila siku, wananiletea ndizi." Alipumzika. "Tangu nije sijagombana na mtu, Wawira. Hakuna anayenijua kiasi hicho. Mtu akikosa wa kugombana naye, amekwisha."

Baadaye, Idi aliporudi kutoka kazini, mamake alimshika mkono akamwambia, "Nikifa, nirudishe kwa babako." Idi akasema ndiyo, mama. Alisema haraka, kama unavyomwambia mtoto kwamba utamnunulia kitu. Tulilala hapo hapo, sisi wanawake watatu sakafuni, na alfajiri, kabla ya adhana, Marigu alimgusa akaona amekuwa baridi.

Mambo ya Waislamu hayangoji. Wazee wa msikiti walikuja mapema, wema, wenye sauti za chini, wakamwuliza Idi watachimba wapi. Nilimwona akitutazama sisi wawili, kama kwamba tulikuwa na jibu. "Embu ni mbali," mzee mmoja akasema, "na maiti haicheleweshwi, mwanangu." Idi akasema, karibu kwa kujiuliza, "Hata tukifika, kumefungwa seng'enge. Nitamzika kwa mlinzi?" Alikuwa na sababu nzuri. Mchana wanaume walimbeba, jeneza likipita juu ya mabega ya watu waliolishika kwa thawabu, kwa kuwa hawakumjua, wakashuka naye njia ya matope hadi wakapotea nyuma ya migomba. Idi alikuwa katikati yao, na alikuwa peke yake.

Sisi wanawake tulibaki nyuma kuosha vyombo. Majirani walikuwa wamepika githeri na kabichi kwa ajili ya matanga, wakafanya kazi kwa bidii, bila kuombwa. Marigu alikuwa amechuchumaa juu ya sufuria kubwa, mikono hadi viwiko ikiwa na masizi, na mama mmoja mnene, mwenye uso wa huruma, alichuchumaa karibu naye akaanza kumsaidia kusuuza.

"Poleni sana," akasema. "Huyu mama alikuwa mpole. Lakini hatukujua mambo yake mengi. Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Embu," Marigu akasema.

"Embu wapi? Dada yangu ameolewa huko, napajua kidogo."

Marigu aliacha kusugua. Alifungua mdomo, na mimi niliyesimama na ndoo nilingoja pamoja naye, maana nilijua jina analolitafuta, na nilijua kwamba hata akilitaja, yule mama hatalijua, na akimwuliza dada yake ataambiwa hakuna mahali kama hapo. Maji yalichuruzika kutoka viwikoni mwake. Yule mama alingoja kwa adabu.

"Embu tu," Marigu akasema, akaendelea kusugua.